Kumzungusha Tapeli wa "Kompyuta Yako Ina Virusi": Mdomo, Chambo, Roboti au Kukata Simu?

— Mzee, tazama kibodi yako. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha.

— Nimeshalifungua, mwanangu. Upepo umeingia mpaka karatasi zangu zimeruka.

Hapo tulikuwa dakika ya kumi na nane, na yule "fundi wa Microsoft" hajafanikiwa hata kunifikisha mbele ya kompyuta. Zilipita dakika nyingine tisa kabla hatujakubaliana kwamba dirisha tunalolizungumzia halina pazia. Nilicheka sana siku ile. Nilipokata simu ndipo nikaona kwamba kazi niliyokuwa nimeketi kuifanya ilikuwa bado imelala palepale.

Wengi wakishasikia kwamba matapeli hawa wanaweza kuzungushwa, yaani kupotezewa muda kwa makusudi, hutaka kujaribu, kisha wanakwama. Nitumie mdomo tu? Nimtegee kompyuta ya chambo kama wanavyofanya wale wa YouTube? Nimwachie roboti? Au yote haya ni kujitafutia balaa, bora kukata simu? Nimezijaribu njia zote nne, nyingine sana, nyingine kidogo. Nitazipima kwa vipimo vilevile, uamuzi nakuachia wewe.

Mchezo wao unavyokwenda

Kwanza anakuja mpigaji wa mwanzo, ambaye kazi yake ni kukutia hofu. Wakati mwingine hapigi yeye: ukurasa unajaza skrini, king'ora kinalia, na namba ya "msaada" inakuhimiza upige wewe. Ujumbe halisi wa hitilafu wa Microsoft hauna namba ya simu, wala kampuni hiyo haimpigii mtu bila kuombwa ili kumwambia ana virusi.

Ukishaonekana umeshikika, unapelekwa kwenye Event Viewer, sehemu ya Windows inayoandika kila tukio, ambako alama nyekundu na za njano hazikosekani hata kwenye kompyuta nzima kabisa. Au unaandikishwa amri ya assoc, inayoorodhesha tu aina za mafaili na programu zinazoyafungua, kisha unasomewa mfululizo mrefu unaoanza na 888DCA60 na kuambiwa kwamba hiyo ni leseni ya kompyuta yako peke yake. Mfululizo huo uko vilevile kwenye kompyuta zote za Windows. Baada ya "ushahidi" huo unaombwa uweke programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo zenyewe ni halali na mafundi wa kweli huzitumia. Ndipo unakabidhiwa kwa "fundi mkuu", yule bingwa wa kufunga mauzo, na malipo yanadaiwa kwa kadi za zawadi, sarafu za kidijitali au uhamisho wa benki. Kwa mwaka 2023 peke yake, hasara zilizoripotiwa kwa kitengo cha FBI cha uhalifu wa intaneti kutokana na utapeli wa aina hii zilizidi dola milioni 900.

Nimezieleza hatua hizi kwa sababu kila njia inamshika tapeli mahali pake. Mdomo unamshika mlangoni. Chambo kinamwingiza hadi sebuleni.

Vipimo

Vipimo vyangu ni vitano: unachohitaji, hatari kwako, hesabu ya muda, raha, na anayefaa. Vingine vinajieleza, lakini muda una hesabu yake.

Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza kwa nini matapeli wa barua pepe husimulia hadithi za kipuuzi kiasi kile. Jibu lake ni kwamba wanachokiogopa ni mtu anayejibu, anayeshughulikiwa kwa siku kadhaa, kisha halipi. Hadithi ya kipuuzi inawachuja wenye shaka mapema, wabaki wepesi kuamini tu. Mzungushaji anaharibu chujio hilo: anafanana na windo kwa kila kitu, isipokuwa pesa haitoki.

Tatizo ni kwamba saa inayoungua ni ya watu wawili. Ukimpotezea dakika arobaini, nawe umepoteza arobaini. Na tena dakika zenyewe hazilingani thamani, maana mpigaji wa mwanzo yuko tele na ni wa bei rahisi, lakini fundi mkuu ni mmoja kwa wapigaji kadhaa. Dakika kumi zake zinawauma kuliko nusu saa ya yule wa mlangoni.

Mdomo mtupu

*Unachohitaji.* Simu, muda, na mhusika. Mhusika ndiye kila kitu. Wanaoanza hukimbilia kuwa wajanja, wanauliza maswali ya mtego, na tapeli anakata. Mhusika mzuri ni mtiifu mno. Anataka kusaidiwa, ana pesa, anamshukuru kijana kwa uvumilivu wake, ila mambo hayaendi. Miwani imepotea. Kompyuta iko ghorofani na ngazi ni ndefu. Namba ya tarakimu tisa anaisomea nane, akiulizwa iliyobaki anaanza upya kutoka mwanzo. Anasikia "bonyeza Enter" na kuuliza aingie wapi.

Mbinu yangu bora ni kurudisha mazungumzo kwenye kitu ambacho tapeli anadhani tumeshakimaliza:

— Sasa unaona nini kwenye skrini, mzee?

— Naiona sura yangu.

— Umewasha kompyuta?

— Kwani uliniambia niwashe?

Kitboga, Mmarekani aliyeanza kurusha mazungumzo ya aina hii moja kwa moja mtandaoni mwaka 2017, hutumia kifaa cha kubadilisha sauti na kuigiza bibi vizee. Wewe huhitaji kifaa. Kusitasita kunatosha, na kukohoa kidogo mahali pazuri.

*Hatari kwako.* Ndogo, ilimradi usitoe kitu cha kweli hata kimoja. Jina, mtaa, jina la benki, mwaka wa kuzaliwa, vyote viwe vya kubuni, na vibuni kabla ya simu. Ukibuni papo hapo ulimi huteleza kwenye ukweli. Usikae mbele ya kompyuta yako halisi wakati unaigiza. Nimewahi kujikuta nimeandika nusu ya anwani aliyonitajia kabla vidole havijakumbuka kwamba tunacheza. Jua pia kwamba namba uliyopigiwa wanayo, na mtu akigundua amechezewa anaweza kuipigia mfululizo kwa siku mbili tatu kwa hasira.

Usimpigie tena kupitia namba iliyoonekana kwenye skrini ya simu. Namba hiyo mara nyingi ni ya kughushi, na mwenyewe ni mtu asiye na habari. Namba inayotolewa na ukurasa wa king'ora ndiyo yao kweli, maana wanataka wapigiwe.

*Hesabu ya muda.* Moja kwa moja: dakika yako kwa dakika yake. Na ni vigumu kumfikia fundi mkuu kwa mdomo tu, kwa kuwa bila kuingia kwenye kompyuta hawakupandishi ngazi. Waweza kuboresha hesabu kwa kuigiza wakati mikono ina kazi nyingine: unaosha vyombo, unakunja nguo, simu iko kwenye spika. "Subiri kidogo, mwanangu, kuna mtu mlangoni," kisha unaendelea na shughuli zako. Hizo dakika za kusubiri ni zake zote.

*Raha.* Ya juu kabisa, na ni ya pamoja. Watoto wakikusikia chumba cha pili wanaweza kuvunjika mbavu.

*Anayefaa.* Mwenye ulimi mwepesi, asiyekasirika, na anayeweza kuvumilia kutukanwa. Maana mwisho wa simu huja matusi, na ukiyarudisha, hasa ya kabila au nchi ya mtu, mchezo umeshachafuka. Kwenye utapeli wa mtandaoni kwa ujumla si kila anayepiga amejitakia: ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya kazi hiyo. Vituo vya "msaada wa kompyuta" kwa kawaida ni ofisi za waajiriwa na si kambi za mateka, ila kwa sauti ya simu huwezi kupambanua.

Kompyuta ya chambo

*Unachohitaji.* Hapa mambo yanakuwa mazito. Unatengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima inayoishi ndani ya programu kama VirtualBox au VMware, na kumwachia tapeli aingie humo akidhani ameingia kwako. Iwe na sura ya kuishi: picha za maua, faili za mapishi, historia ya kivinjari. Kompyuta tupu inanuka. Kisha unahifadhi hali yake, ili akiiharibu uirudishe ilivyokuwa kwa kubonyeza mara moja. Wenye Windows 10 Pro kuanzia toleo la 2019, au Windows 11 Pro, wana Windows Sandbox, inayojifuta yenyewe ukiifunga, ingawa haina sura ya nyumba ya mtu na tapeli mzoefu ataishtukia.

*Hatari kwako.* Wengi hukosea hapa. Kompyuta pepe si chumba cha chuma. Kama umeruhusu mafaili ya pamoja, au kunakili na kubandika kati yake na kompyuta mama, umemwachia mlango wazi. Windows Sandbox inakuja na kunakili na mtandao vikiwa vimewashwa tayari. Ikiwa inatumia mtandao uleule wa nyumbani, inaweza kuviona vifaa vingine vilivyomo humo. Anwani yako ya intaneti nayo inaonekana, na ingawa haimwonyeshi mlango wa nyumba yako, huonyesha kampuni ya intaneti na eneo kwa makadirio. Mwenye kufanya hili sawasawa hutenga mtandao mzima, hupitia VPN, huduma inayoficha anwani yake ya intaneti, na hafungui humo akaunti yake yoyote ya kweli.

Ipo pia hatari ya sheria. Kumzungusha mtu aliyekupigia ni jambo moja. Kuingia kwenye kompyuta yake, hata ikiwa yeye ndiye aliyeanza, ni kosa katika nchi nyingi. Uingereza ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu 1990. Jim Browning wa Uingereza alijulikana kwa kugeuza mawasiliano hayo na kuwaona matapeli ofisini mwao kupitia kamera zao wenyewe, kazi iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2020. Usimuige. Na kama unadhani ujuzi ni kinga, mtu huyohuyo mwaka 2021 alighilibiwa na tapeli aliyejifanya msaada wa YouTube, akaifuta chaneli yake kwa mkono wake. Baadaye aliipata, na alilisimulia mwenyewe bila kuficha, jambo lililonifanya nimheshimu zaidi.

*Hesabu ya muda.* Matayarisho yanaweza kula siku nzima ya mapumziko, na kila simu ni saa moja hadi tatu. Lakini hapa ndipo fundi mkuu anapopatikana. Unamwona akifungua ukurasa wa benki ya uongo uliyomwandalia, akijifanya anakurudishia malipo ya huduma, akibadilisha tarakimu ndani ya kivinjari ili ionekane umerudishiwa pesa nyingi kupita kiasi, kisha akilia kwamba atafukuzwa kazi usipomrejeshea ziada. Akifika hapo ameshawekeza, haondoki kirahisi. Zaidi ya hapo, unapata kitu cha kuripoti: namba ya akaunti ya kupokelea pesa, namba ya kipindi cha AnyDesk, jina la tovuti. Kampuni za programu hizo hupokea taarifa za matumizi mabaya, na benki inaweza kufuatilia akaunti. Mdomo mtupu hauleti ushahidi kama huu.

*Raha.* Ni raha ya mvuvi. Kimya kirefu, kisha msisimko.

*Anayefaa.* Anayezijua kompyuta kwa kazi au kwa mapenzi ya muda mrefu. Ukisoma sehemu ya hatari hapo juu ukahitaji kuuliza mtandao uliotengwa ni nini, njia hii bado si yako. Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe niliijaribu mara mbili, mara ya pili nikagundua baada ya simu kwamba nilisahau kuzima mafaili ya pamoja. Hakuna kilichopotea. Usingizi tu.

Roboti

*Unachohitaji.* Namna ya kuielekeza simu kwa mashine. Maarufu wa zamani ni Lenny, sauti ya mzee mpole iliyorekodiwa vipande kumi na sita. Haelewi lolote. Husubiri mpigaji anyamaze, anacheza kipande kinachofuata: binti yake alimwambia nini, bata wanapiga kelele nje, samahani ulisema nini. Mwenye ujuzi wa mitambo ya simu anaweza kumweka kwenye Asterisk, programu ya kuendesha mitambo hiyo. Nchini Marekani kuna huduma ya kulipia, Jolly Roger Telephone Company, inayokupangishia roboti za aina hiyo. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza ilimtambulisha Daisy, bibi wa akili mnemba anayesimulia ufumaji na paka wake, aliyewahi kumshikilia tapeli hadi dakika arobaini. Australia nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie walianzisha Apate, mfumo wa roboti za simu unaozalisha waathirika wa bandia kwa wingi.

*Hatari kwako.* Ndogo sana, maana haupo kwenye simu. Angalia tu sheria ya kurekodi mazungumzo mahali ulipo. Kwingine idhini ya upande mmoja inatosha, kwingine inatakiwa ya pande zote. Na uhakikishe unampelekea roboti tapeli, si karani wa kweli wa hospitali anayekukumbusha miadi. Karani huyo atasubiri mpaka Lenny amalize habari za bata.

*Hesabu ya muda.* Hapa roboti haina mpinzani: dakika zake nyingi, zako sifuri. Utafiti uliotoka 2017 kuhusu simu alizopokea Lenny, nyingi zikiwa za wauzaji, ulikuta wastani wa takriban dakika kumi kwa simu, na waliomgundua kuwa ni sauti iliyorekodiwa walikuwa wachache sana. Udhaifu wake ni kwamba Lenny hafiki kwa fundi mkuu. Hawezi kuweka AnyDesk, masikini.

*Raha.* Ipo ukisikiliza rekodi baadaye, lakini ni raha ya mtazamaji. Wengine inawatosha.

*Anayefaa.* Anayepigiwa mara nyingi na hana hamu ya kuongea. Lakini upatikanaji unategemea nchi na kampuni yako ya simu. Daisy, kwa mfano, ni mali ya O2, na namba yake ilipandwa kwenye orodha za matapeli. Mteja hawezi kumhamishia simu zake.

Kukata na kuripoti

Njia hii huonekana ya woga. Nakataa.

*Unachohitaji:* kidole kimoja. *Hatari:* karibu hakuna. *Muda:* sekunde tano za kwako, na tapeli anahamia namba inayofuata, ambayo huenda ni ya mtu asiyejua mchezo huu. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wazungushaji, na ina uzito. Lakini ukiongeza dakika tatu za kuripoti, hesabu inabadilika. Microsoft ina ukurasa wa kupokea taarifa za utapeli unaotumia jina lake, na nchi nyingi zina kitengo cha polisi au cha mawasiliano kwa kazi hiyo. Ripoti yenye namba ya ukurasa wa king'ora ina faida kuliko ripoti yenye namba ya kughushi. *Raha:* hakuna, nisikudanganye. *Anayefaa:* mwenye kazi, mwenye moyo mwepesi kushtuka, na yeyote ambaye sauti ya ukali inamwachia jioni mbaya.

Chagua kwa hali yako

Kama hujawahi kujaribu na una nusu saa, anza na mdomo, mbali na kompyuta, na mhusika uliyemwandika kwenye karatasi: jina, umri, jina la paka. Ukiona moyo unaenda mbio au unataka kushinda mabishano, kata. Hakuna aibu.

Kama unapigiwa karibu kila siku, raha ya mdomo itaisha wiki ya kwanza. Tafuta roboti kama inapatikana kwako, la sivyo zuia simu za namba zisizojulikana, kisha zungusha ile moja tu inayokukuta na nafasi.

Kama unataka kuwaumiza kweli, na ujuzi unao, chambo ndicho kinachotoa akaunti za kuripoti. Jiwekee mpaka kabla ya kuanza: hakuna kuingia upande wao, na kila kilichopatikana kinakwenda kwa benki na kampuni husika kabla ya kwenda mtandaoni kuchekesha watu.

Kama simu ni ya kazini, au kompyuta ni ya mwajiri, kata. Hata mdomo mtupu usiutumie. Siri za ofisi hazina mhusika wa kubuni.

Kama unaishi na mzazi mwenye umri mkubwa, fikiri kabla ya kuigiza mbele yake. Anaweza kujifunza kutambua sauti hizi, na hilo ni jema. Anaweza pia kudhani kuongea nao ni salama, akajaribu peke yake siku ambayo haupo.

Na kama umefika nyumbani ukakuta ameshawaruhusu kuingia, hapo hakuna mchezo wa kuchagua. Tenganisha kompyuta na intaneti mara moja, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine. Wakipiga tena, na watapiga, simu ipokee wewe.